Mkono wa Trafiki

Mshauri aliinua vidole viwili mbele ya uso wa Kipanga, akaanza kuvipeleka kushoto na kulia, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kioo. Kazi ya Kipanga ilikuwa moja tu: kuvifuata kwa macho bila kugeuza kichwa. Vidole havijafika hata upande wa pili, mikono yake, ambayo tangu aingie ilikuwa imetulia magotini kwa adabu, ikachomoka yenyewe kwenda mbele. Wa kulia ukagonga bilauri. Maji yakatambaa mezani, yakaanza kudondokea zulia.

"Samahani," alisema.

"Ni maji tu," mshauri alisema, akiyakausha kwa karatasi zile zile alizowawekea wanaolia. "Mikono ilikuwa inatafuta nini?"

Kipanga aliiangalia mikono yake kama mama anavyowaangalia watoto waliomwaibisha ugenini. "Gia," alisema. "Ilikuwa inatafuta gia."

Kipanga halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata saiti, kwa sababu kwa miaka mingi kiti chake kilikuwa ndani ya kile kibanda cha vioo kilicho juu kabisa ya kreni, na kutoka huko hakuna kilichompita: aliyelala nyuma ya mifuko ya saruji, aliyetoka kwenda chai akasahau kurudi, hata fundi aliyevua kofia ngumu ajikune kichwa. "Msimamizi mtamkwepa," wanaume waliambiana, "lakini Kipanga mtamkwepea wapi?" Hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeendesha kreni mji mzima, au kama alikuwepo, Kipanga hakuwahi kumsikia. Jioni alipoteremka ngazi, kofia kwapani, alitembea kama mtu aliyezijenga ghorofa zote za mtaa ule kwa mikono yake. Na nyingi kweli alizijenga.

Chini yake alisimama Trafiki. Huyu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mume wake, na Kipanga mwenyewe ndiye aliyemwingiza kazini, enzi kijana anashinda nyumbani akimmalizia mama yake sukari. Trafiki alikaa pale mzigo unapotua, akimwongoza dereva kwa ishara za mkono: inua, shusha, zungusha, polepole, simama. Dereva aliye juu mara nyingi haoni mzigo ukigusa chini, na upepo na mashine havimwachi asikie kitu. Alicho nacho ni mkono wa mtu mmoja. Trafiki alikuwa na mkono mzuri, usio na papara. Watu wa saiti walisema wale wawili wakiwa kazini ni kama mtu mmoja tu, kichwa kiko mawinguni na miguu iko matopeni.

Kisha siku moja, miaka miwili iliyopita, mkanda uliobeba tita la nondo ulikatika hewani.

Trafiki alipona. Mkono wake wa kulia ulibaki na kidole gumba na cha shahada. Wachunguzi walikuja, wakapima, wakasema mkanda ulikuwa umelika kwa ndani, mahali pasipoonekana kwa jicho, na dereva hakuwa na kosa lolote. Kipanga alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaenda nyumbani, na hakupanda tena. Wakampa stoo, agawe kofia na glavu na mabuti.

Kichwa chake kilijua hakuwa na kosa. Mwili ndio ulikuwa haujaambiwa. Mtu akimpungia mkono kwa mbali, tumbo lilimshuka. Siku za mapumziko familia ilipokula kwa mama mkwe wake, Kipanga alikula macho yakiwa ndani ya bakuli. Trafiki akinyoosha mkono kuchukua chumvi, yeye alikuta jambo la maana sana la kutazama ukutani.

"Shemeji, ule ukuta unakudai?" Trafiki alimuuliza mara moja, na wote wakacheka, na Kipanga akacheka pia, bado akitazama ukuta.

Aliyevunja ukimya alikuwa mama mkwe. Walikuwa jikoni wawili peke yao, mmoja anaosha vyombo, mwingine anasuuza.

"Mwanangu amerudi saiti," mama mkwe alisema.

"Najua, mama. Nimempa glavu mimi mwenyewe."

"Umempa glavu. Haya. Je, unajua amejifunza ishara zote upya kwa mkono wa kushoto? Anasimama uani asubuhi anaziongoza nguo zangu kwenye kamba. Nimemwambia mashuka yangu yatatua yakitaka." Alisugua sufuria kwa muda. "Lakini madereva wa kukodi hawamtaki. Kila anayekuja anasema mkono ule hausomeki. Msimamizi kasema siku ya kupandisha mihimili ya paa, kama hakuna dereva wa kumsoma, atamhamishia getini. Afungue geti, afunge geti."

Kipanga alisimama na sahani mkononi, maji yakimchuruzika hadi kiwiko.

"Yeye hajakwambia, na hatakwambia," mama mkwe aliendelea. "Mimi nakwambia kwa sababu yule nimemzaa na wewe nimekupata, na nyote wawili mnanyauka mbele ya macho yangu. Sikutumi upande kreni. Nimekwambia tu."

Hivyo ndivyo Kipanga alivyofika kliniki, kwenye chumba cha mwisho cha ujia mrefu, jirani na daktari wa meno. Ukuta ulikuwa mwembamba. Mashine ya meno ilisikika ikilia na kunyamaza. Siku ya kwanza Kipanga aliuliza, "Mwenzangu kule anang'olewa jino. Mimi hapa nang'olewa nini?"

"Hatung'oi kitu," mshauri alisema. Alikuwa dada mtulivu mwenye miwani mikubwa, na tabia ya kungoja hata baada ya mtu kudhani amemaliza kusema. "Mara nyingine jambo zito likitokea ghafla, akili haipati nafasi ya kuliweka mahali pake. Linabaki pale pale lilipotokea, bichi, na kila ukilikaribia linatokea upya. Tunalirudia kidogo kidogo, macho yakiwa yanakwenda huku na huku, ukiwa hapa, kitini, mchana, na mtu mwingine. Polepole linapata pa kukaa. Kusahau hutasahau. Ila litakuwa limepita."

"Kwa hiyo mzigo bado uko hewani."

Mshauri alifikiri. "Ndiyo. Bado uko hewani."

Kipanga aliielewa lugha hiyo. Hata utaratibu wake aliupenda, kwani ulikuwa na hatua, na hakuna hatua iliyorukwa. Walianza na historia yake. Wakatafuta mahali pa utulivu ambapo angerudi kwa mawazo mambo yakizidi. Alichagua karakana ya mume wake, seremala, kwenye kigoda kilicho kati ya maranda, mbao mpya zikinukia. Wakachagua picha moja iliyo mbaya kuliko zote. Ilikuwa hii: yeye juu, ndani ya vioo, amekaa, anatazama. Wakatafuta sentensi iliyokaa pamoja na picha hiyo, na ikaja bila kutafutwa sana: *Nilikaa nikatazama.* Mshauri akamwomba ayapime maumivu yake, sifuri ikiwa hakuna, kumi ikiwa hakuna zaidi. Kipanga alisema tisa, maana kumi aliona kama kujidekeza.

Na baada ya maandalizi yote hayo, mkono ulipoinuliwa, akamwaga maji.

"Tuache mkono," mshauri alisema. "Mkono wenyewe ndio uliojeruhi macho yako. Wapo wengi ambao hauwafai." Akatoa kabatini ubao mwembamba mrefu, akausimamisha juu ya miguu yake mitatu. Ndani yake taa ndogo ya kijani ilikimbia kutoka ncha hadi ncha, ikageuka, ikarudi.

Na taa, Kipanga aliiweza. Aliiweza mno.

"Leo sikuipoteza hata mara moja," alimwambia mume wake jioni, akivua viatu mlangoni. "Inakwenda mbio, inageuka, nami niko nayo."

Seremala alikuwa akibandua gundi iliyokauka kwenye kidole. "Kwani ni mashindano?"

"Si mashindano. Ni kazi."

"Mdogo wangu anasema unazungushwa macho kama feni."

"Mwambie feni lake lina akili kuliko yeye."

Alikuwa anajivunia. Kwa mara ya kwanza tangu ajali kulikuwa na kitu anachokifanya vizuri kuliko kugawa glavu. Wiki baada ya wiki aliketi wima mbele ya taa, akaifuata kwa usahihi wa saa ya ukutani. Mshauri alikuwa akiisimamisha, anamwambia avute pumzi, kisha anauliza, "Nini kimekuja?" Kipanga anajibu, "Hakuna." Wanaanza tena. "Nini kimekuja?" "Hakuna." Tisa ilibaki tisa. Akitoka kliniki akakutana na mtu anayempungia mwenzake ng'ambo ya barabara, tumbo lilimshuka kama kawaida.

Siku moja mshauri hakuiwasha taa. Alivua miwani.

"Nieleze kitu," alisema. "Taa ikianza kwenda, wewe unafanya nini? Ndani."

Kipanga alijiweka sawa kitini. Hapa alikuwa nyumbani. "Nafunga kila kitu. Kule juu ukiwa na mzigo hewani, huwazi umeacha nini jikoni. Huwazi mtoto anaumwa. Hata pua ikiwasha, huikuni. Unaufuata mkono, basi. Mimi naweza kuufuata mkono kutoka asubuhi mpaka mchana na nisiwaze neno moja. Wanaume wengi hawawezi. Ndiyo maana kreni nilipewa mimi."

Mshauri aliweka kiganja kwenye paji la uso na kuanza kucheka, kicheko cha chini cha mtu anayejicheka mwenyewe.

"Wiki zote hizi," alisema, "nimekupa kazi, nawe umeifanya. Kosa ni langu, nilipaswa kukuuliza siku ya kwanza. Dada, taa siyo kazi yako. Taa naiendesha mimi. Wewe yaache macho yaende nayo, na kichwa kiende kinakotaka. Kikienda jikoni, sawa. Kikienda saiti, sawa. Ukiipoteza taa, hakuna kitakachoanguka."

"Unataka niifuate vibaya?"

"Vibaya kabisa."

Tangu aanze kazi hakuna mtu aliyewahi kumwambia Kipanga afanye kitu vibaya. Alikasirika kidogo. Alihisi kama ameambiwa avue kofia ngumu asimame chini ya mzigo. Ndipo akaelewa alichokuwa akikifanya: alikuwa amepanda tena ndani ya vioo vyake, amejifungia, na ajali imebaki nje ikigonga. Ustadi wake wote, ule aliojivunia, ulikuwa umesimama mlangoni kama askari.

"Haya," alisema. "Washa."

Mara ya kwanza alishindwa. Macho yalishika taa kama mbwa aliyeshika mfupa. Mara ya pili aliiacha ikimpotea kidogo mwishoni mwa ubao, na pale ilipopotea, kitu kilipita.

"Nini kimekuja?"

"Sauti. Si ya nondo. Kabla yake. Mkanda. Kama kitambaa kinachochanwa."

"Nenda nayo hiyo."

Taa ikaenda. Daktari wa meno akawasha mashine yake, akaizima.

"Vumbi," Kipanga alisema. "Simwoni. Naona mkono wake tu, umeinuka, unasema simama. Nimesimamisha. Nimesimamisha, lakini nondo zinashuka hivyo hivyo." Alishika ukingo wa kiti. "Kifua kinabana hapa."

"Uko hapa kitini. Mimi nipo. Nenda nayo."

Taa ikaenda. Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kulia, kama bomba ambalo mtu amelisahau. Aliona gia mikononi mwake, zimevutwa hadi mwisho, zikiwa hazina zaidi ya kumpa. Aliona ndala ya mtu ikiwa peke yake kwenye mchanga, akashangaa kwa nini ndala, nani huvaa ndala saiti. Taa ikasimama, akapumua, ikaenda. Halafu miguu yake ikaanza kutikisika, kisigino kinagonga sakafu, haraka haraka, na mshauri akauliza nini kimekuja.

"Ngazi," alisema.

"Ngazi gani?"

"Ya kreni. Nashuka." Alitazama miguu yake. "Chuma ni cha moto, sina glavu. Naruka vipago. Kuna mtu chini anapiga kelele niende polepole, siendi polepole." Aliinua uso. "Nilishuka. Mimi nilishuka. Nilikivua kitambaa changu cha kichwa nikamfunga nacho mkono, nikaushika juu mpaka gari likaja. Aliniambia shemeji unaniminya, nikamwambia nyamaza."

Mshauri aliisimamisha taa.

"Shemeji ameshaniambia hivyo mara nyingi," Kipanga alisema. "Kwamba ni mimi niliyemfunga. Nilidhani ananifariji. Nilidhani wote wananipaka mafuta."

Ni kitu cha ajabu, kukijua kitu kwa miaka miwili na usiwe nacho. Mshauri alimwonya kwamba hawakuwa pale kutafuta ushahidi; wachunguzi walishamaliza kazi yao zamani. Kipanga akasema ushahidi anao, upo kwa mama mkwe wake, damu haikutoka kwenye kile kitambaa na mama mkwe amekifanya cha kufutia meza za uani. Wote wawili wakacheka, na mashine ya meno ikalia kwa jirani, na wakacheka zaidi.

Hakupona siku hiyo. Aliyoyafungua yalimfuata nyumbani. Kwa siku kadhaa aliota mchana, na mara moja alilia stoo, uso ukiwa ndani ya boksi la glavu mpya, hadi fundi mmoja aliyekuja kuchukua kofia akaiweka chini kimya na kuondoka kichwa wazi. Alimwambia mume wake kwamba haendi tena, wao wenyewe walikuwa wanalala vizuri tu kabla ya huyu dada wa miwani.

"Nani alikuwa analala?" seremala alisema. "Mimi nilikuwa naamka nakukuta umekaa."

Akaenda. Tisa ikawa sita. Sita ikakaa sana, ikawa ngumu kama jiwe, kisha siku moja ikawa mbili bila hata kuaga. Ilipofika wakati wa kuchagua sentensi mpya ya kuiweka mahali pa ile ya zamani, mshauri alimpa mifano: nilifanya nililoweza, sina hatia. Kipanga alizisikiliza kwa heshima kama mtu anayejaribishwa nguo za mwenzake.

"Yangu nitasema *nilishuka kwake*," alisema.

Na siku nyingine, wakiwa wanakaribia mwisho, aliuonyesha ubao wa taa kwa kidevu. "Uweke kabatini huo. Tumia mkono."

"Una uhakika?"

"Sina. Tumia tu. Bilauri isogeze."

Mshauri aliinua vidole viwili. Vilikwenda kushoto, vikarudi kulia. Tumbo la Kipanga lilianza kushuka, likafikiri, likakaa. Aliona kwamba rangi ya kucha moja ilikuwa imebanduka na kwamba juu ya kifundo kulikuwa na alama ndogo ya kalamu. Ulikuwa mkono wa mtu fulani, mchana fulani. Aliufuata hadi mwisho, na kichwa kikaenda kinakotaka, na kilikwenda kwa Trafiki.

Siku ya mapumziko iliyofuata, watu wamekula wameshiba, Kipanga aliweka kijiko chini.

"Shemeji," alisema. "Nionyeshe mkono."

Seremala aliacha kuchokonoa meno. Trafiki akaweka mkono wa kulia mezani, kati ya jagi na sahani ya mifupa, kidole gumba na cha shahada na kovu lililong'aa kama nta. Kipanga aliutazama. Aliutazama kwa kutosha, hakuharakisha, hakugeukia ukuta. Kisha akaushika.

"Siku ile uliniminya sana," Trafiki alisema.

"Nilikwambia unyamaze. Na sasa nakwambia tena." Hakuuachia. "Huu nimeuona. Sasa nionyeshe wa kushoto unavyofanya kazi. Nimesikia nguo za mama zinakuogopa."

Wakatoka uani. Kipanga alipanda juu ya ngazi ya kuingilia jikoni, Trafiki akasimama kwenye kamba ya nguo, akaanza: inua, shusha, zungusha, polepole. Mkono wa kushoto ulikuwa bado mgeni kazini. Kwenye kuinua alikuwa sawa, lakini ishara ya polepole alikuwa akiifanyia karibu na fulana yake, ikimezwa na rangi.

"Toa nje hiyo," Kipanga alisema. "Mbali na mwili. Nataka kuiona hewani."

"Hivi?"

"Mbali zaidi. Hapo unapungia ndege waende. Kiwiko. Haya, sasa unasomeka."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi. Aliingia ndani, akapiga kelele na masufuria yasiyokuwa machafu.

Msimamizi hakumrudisha Kipanga juu kwa maneno matamu. Alitaka barua ya kliniki, akaleta na mkaguzi, na Kipanga akapimwa upya kama mwanagenzi: kwanza ndoano tupu, kisha mzigo mwepesi, kisha mzigo mzito, Trafiki akiwa chini. Mkaguzi alimuuliza Kipanga kama kweli anausoma mkono ule. Kipanga akamwambia amuulize kitu kigumu zaidi.

Siku ya mihimili ya paa, asubuhi ilikuwa na upepo mdogo wa kuridhisha. Kipanga alifunga kitambaa kipya kichwani, akavaa glavu alizojigawia mwenyewe, akashika kipago cha kwanza. Moyo ulimwenda mbio. Haukumwenda mbio kwa ajili ya zamani. Ulikuwa woga wa leo, woga wa kazi, ule wenye adabu, aliouzoea tangu alipokuwa mwanafunzi. Alipofika juu alikaa, akafuta kioo, akatazama chini.

Mji ulikuwa pale pale alipouacha. Mtu mmoja alikuwa amelala nyuma ya mifuko ya saruji.

Trafiki alisimama mahali pake, fulana ya machungwa, miguu imepanuliwa kidogo. Akainua mkono wa kushoto, mbali na mwili. Inua. Mhimili ukaacha ardhi, ukatikisika, ukatulia. Juu. Zungusha. Mikono ya Kipanga ilijua njia. Wakati mhimili ulipokuwa umening'inia katikati, juu ya vichwa vyao wote, alingoja kifua kibane, akakisikiliza, akakikuta kinapumua. Sauti ya kitambaa kinachochanwa ilikuwa huko ilikopaswa kuwa, miaka miwili nyuma. Polepole, mkono ulisema, ukisomeka kama maandishi makubwa. Polepole. Polepole. Simama.

Akasimamisha. Mafundi wakaingiza bolti. Mhimili ukakaa juu ya nguzo zake kama uliozaliwa pale.

Kupitia kioo cha pembeni aliwaona watu wawili nje ya uzio: mume wake, ambaye aliapa kwamba ana kazi nyingi karakana siku hiyo, na mama mkwe, amevaa gauni la kutokea. Mama mkwe alikuwa amemkamata mpita njia ambaye hakuwa na haraka ya kutosha. Alikuwa akimwonyesha kitu juu, kwenye kreni, halafu chini, kwenye fulana ya machungwa, halafu juu tena, na mpita njia alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa heshima ya mtu asiye na pa kukimbilia. Kipanga hakuhitaji kusikia. Alijikuta anatabasamu peke yake ndani ya vioo, akavuta gia, akarudisha ndoano kwa mhimili wa pili.

Jioni aliposhuka, wanaume walimpisha njia bila kujua kwamba wanampisha. Dereva wa kukodi, ambaye alibaki kuangalia, alimwinamishia kofia. Trafiki alikuwa anamngoja chini ya ngazi, mikono kiunoni.

"Shemeji, mhimili wa tatu ulichelewa kuuzungusha."

"Mkono wako ulisitasita."

"Mkono wangu? Haukusita."

"Ulisita. Ulianza zungusha, ukafikiri, ukaendelea. Niliuona."

Trafiki alimtazama usoni, kwa makini, kama anayetafuta mahali fulani pa zamani. "Uliuona," alisema.

"Nilikuona mwanzo mpaka mwisho," Kipanga alisema. "Kesho usisite."

Mama mkwe alikuwa ameshapenya geti bila kofia ngumu, bila ruhusa, na mlinzi nyuma yake akimwomba kwa upole arudi. Akawaambia kama wanataka kubishana wakabishanie nyumbani, mchuzi unapoa. Halafu akabadili mawazo, akasema hapana, wabishane kwanza hapa kidogo, watu wawaone.